Kupima Hali ya Lishe na Kutambua Dalili za Upungufu: Mafunzo kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

Msafiri apandaye kutoka uwanda wa Sanya kuelekea Sanya Juu huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Nyuma yake huacha mbuga kavu za malisho na mashamba ya mahindi. Mbele yake huanza migomba, kahawa na mifereji ya maji ya mlimani. Mgeni anaweza kudhani kwamba mahali penye kijani kama hiki hapana mtoto mwenye njaa. Dhana hiyo imekwisha kuthibitishwa kuwa si kweli. Mwaka 1975 Marja-Liisa Swantz na wenzake, wakifanya kazi chini ya kituo cha utafiti cha BRALUP katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika wilaya ya Moshi. Katika miaka hiyo kulikuwa mjini Moshi na kitengo cha kuwarudishia watoto hali njema ya lishe, kilichojulikana kwa jina la NURU. Mwaka 1997 Mary Howard na Ann Millard walichapisha kitabu kizima kuhusu utapiamlo wa watoto katika Kilimanjaro, na katika jina la kitabu hicho waliweka pamoja maneno mawili: njaa na aibu.

Neno la pili lina uzito sawa na la kwanza. Mahali ambapo majirani wana chakula, mzazi wa mtoto aliyedhoofika huogopa kunyoshewa kidole. Mtoto hufichwa ndani, na siku zinapita. Kwa hiyo elimu ya kutambua utapiamlo mapema, kwa kipimo na si kwa uvumi, ni elimu ya kuokoa maisha. Katika makala haya tutaeleza njia zinazotumika kupima hali ya lishe, kisha dalili za upungufu ambazo mwalimu au mwanafunzi anaweza kuzitambua, na makosa ya kuepuka katika kuzitafsiri.

NJIA NNE ZA KUPIMA

Hali ya lishe ni hali ya mwili inayotokana na chakula kinacholiwa na jinsi mwili unavyokitumia. Wataalamu huipima kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni uchunguzi wa mlo: mtu amekula nini, kiasi gani, na mara ngapi. Ya pili ni vipimo vya maabara, kama vile kupima wekundu wa damu au kiasi cha vitamini katika damu. Ya tatu ni vipimo vya mwili: uzito, urefu na mzingo wa mkono. Ya nne ni uchunguzi wa dalili zinazoonekana katika ngozi, nywele, macho, kinywa, shingo na miguu.

Mpangilio huu unafuata mwendo wa upungufu wenyewe. Kwanza mlo hupungukiwa. Mwili huanza kutumia akiba yake: vitamini A iliyohifadhiwa katika ini, chuma kilichohifadhiwa katika ini na uboho. Akiba ikipungua, maabara huweza kugundua ingawa mtu bado anajiona mzima. Baadaye kazi za mwili hulegea: mtoto huacha kukua, huchoka upesi, huugua mara kwa mara. Mwishoni kabisa ndipo dalili huonekana kwa macho. Basi anayengoja dalili ndipo atambue utapiamlo, amechelewa. Kwa sababu hii vipimo vya mwili, ambavyo ni rahisi na havihitaji damu, vina thamani kubwa katika nchi yetu.

UZITO, UREFU NA UMRI

Uzito peke yake hautuelezi jambo. Kilo 9 ni uzito mwema kwa mtoto wa miezi tisa, lakini ni hatari kwa mtoto wa miaka mitatu. Hivyo tunalinganisha vipimo viwili viwili, na kila ulinganisho hujibu swali lake.

Urefu kwa umri huonyesha kama mtoto amedumaa. Udumavu ni alama ya upungufu au maradhi ya muda mrefu. Uzito kwa urefu huonyesha kama mtoto amekonda, na ukondefu ni alama ya upungufu wa karibuni. Uzito kwa umri huchanganya mambo yote mawili. Ndicho kipimo kinachochorwa katika kadi ya kliniki.

Vipimo hivi hulinganishwa na viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Viwango hivyo vilitokana na kuwapima watoto waliotunzwa vizuri katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Jambo kubwa lililodhihirika ni kwamba watoto wadogo wa mataifa hayo, walipopata maziwa ya mama, chakula cha kutosha na matunzo ya afya, walikua kwa urefu uliokaribiana sana. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mtoto wake wa miaka miwili ni mfupi kwa sababu "ndivyo ukoo wetu ulivyo", tusikubali upesi. Huenda ukoo mzima umerithishana upungufu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa kike mwenye umri wa miezi 24 kamili ana urefu wa sentimita 78.4 na uzito wa kilo 9.4. Kwa umri huo urefu wa kati wa wasichana ni sentimita 85.7, na mtawanyiko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi watoto wazima wanavyotofautiana, ni karibu sentimita 3.2. Tunatoa na kugawanya:

(78.4 − 85.7) ÷ 3.2 = −2.3

Mtoto huyu yuko chini ya kiwango cha kati kwa zaidi ya mitawanyiko miwili. Mpaka uliowekwa ni −2. Aliye chini yake amedumaa, na aliye chini ya −3 amedumaa sana. Sasa tazama uzito wake. Mpaka wa uzito pungufu kwa msichana wa umri huo ni kilo 9.0. Kilo 9.4 ziko juu ya mpaka. Tena, uzito wake ukilinganishwa na urefu wake, hayuko mbali na kiwango cha kati. Mtoto huyu hakukonda. Akisimama peke yake uani, mashavu yamejaa, hakuna jirani atakayemwona ana kasoro. Atadhaniwa kuwa na mwaka mmoja na nusu. Ni kipimo cha urefu pamoja na tarehe ya kuzaliwa vinavyofichua kwamba kwa muda mrefu amekosa alichohitaji.

Hapa tunaelewa kwa nini udumavu umeenea bila kelele. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, nao ni mkoa unaosifika kwa mavuno ya mahindi. Wingi wa chakula ghalani si sawa na lishe bora katika bakuli la mtoto.

UTEPE WA MKONO

Mizani na ubao wa kupimia urefu havipatikani kila mahali. Derrick Jelliffe, katika mwongozo wake wa mwaka 1966 uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani, alieleza matumizi ya mzingo wa mkono. Sababu yake ni nyepesi: tangu mwaka mmoja hadi mitano mzingo wa mkono wa mtoto mwenye afya hubadilika kidogo tu, hivyo tunaweza kuutumia hata tusipojua umri kwa hakika.

Mtoto awe na umri kati ya miezi 6 na 59. Tumia mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, pima urefu baina yake na utie alama katikati. Kisha nyosha mkono ulegee ubavuni. Zungusha utepe penye alama, uguse ngozi bila kuibana na bila kuacha nafasi. Soma hadi milimita.

Sentimita 12.5 na zaidi: hakuna dalili ya ukondefu.
Kati ya 11.5 na 12.5: utapiamlo wa kadiri, mtoto apelekwe kliniki.
Chini ya 11.5: utapiamlo mkali, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wanafunzi wakumbuke kwamba kila kipimo kina kosa lake. Watu wawili wakipima mkono mmoja, mara nyingi hupata tarakimu zinazotofautiana kwa milimita kadhaa. Kwa hiyo pima mara mbili, tafuta wastani, na ukipata tofauti kubwa rudia upya. Tofauti ya milimita tano yaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine.

UNYAFUZI NA NDIZI

Dalili moja haingojei utepe wala mizani: uvimbe wa miguu yote miwili. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo kwa sekunde tatu, kisha achia. Kishimo kikibaki katika miguu yote miwili, mtoto ana utapiamlo mkali hata kama mkono wake ni mnene. Maji yaliyojaa mwilini huongeza uzito na kuwadanganya wazazi kwamba mtoto ananenepa. Pamoja na uvimbe huo huweza kuonekana nywele nyepesi zilizopoteza weusi, ngozi inayobambuka, na mtoto asiyetaka kucheza wala kula. Huu ndio unyafuzi, au kwashakoo. Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliueleza mwaka 1933, na mwaka 1935 alitumia jina la lugha ya Kiga, ambalo humhusu mtoto aliyeachishwa ziwa baada ya mdogo wake kuja. Mtoto mwenye nyongea, kinyume chake, hubaki ngozi na mifupa, na uso wake hufanana na wa mzee.

Kwa nini maradhi haya yalipata nafasi miongoni mwa migomba? Tufanye hesabu. Mtoto wa miaka miwili huhitaji kwa siku karibu kilokalori 1,000 na gramu 13 hivi za protini. Gramu 100 za ndizi za kupika zina kilokalori 120 hivi na gramu 1.2 tu za protini. Ili kupata kilokalori zote kwa ndizi peke yake, mtoto angepaswa kula gramu 830 kila siku, na hata hivyo angepata gramu 10 tu za protini. Tena tumbo lake ni dogo. Katika milo miwili hawezi kumaliza mzigo huo. Basi hukosa protini na nguvu pia.

Sasa badili gramu 140 za ndizi kwa gramu 50 za maharage makavu, ambazo ni konzi moja. Ndizi gramu 690 zitatoa kilokalori 830 na protini gramu 8.3, maharage yatatoa kilokalori 170 na protini gramu 10.5. Nguvu ni ile ile, lakini protini imefika karibu gramu 19. Hivyo kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ni chakula chenye hekima ndani yake, mradi kipondwe vizuri kwa ajili ya mtoto, na mtoto asiachiwe ndizi huku wakubwa wakila maharage. Kijiko kidogo cha mafuta huongeza karibu kilokalori 40 bila kujaza tumbo, na kikombe cha maziwa au dagaa waliosagwa huboresha mlo zaidi.

Hata hivyo tusiseme kwamba unyafuzi ni ukosefu wa protini tu. Mwaka 1974 Donald McLaren alipinga vikali fikra hiyo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa mapacha wa Malawi: pacha mmoja alipata unyafuzi na mwenzake hakupata, ingawa waliishi nyumba moja na kula chakula cha aina moja. Vijidudu waishio matumboni mwao walitofautiana. Maradhi ya kuhara, surua na minyoo, pamoja na mlo duni, yote huingia katika chanzo chake. Wala asilaumiwe mama peke yake. Ardhi ya kihamba imegawanywa mara nyingi, mama hushuka tambarare kulima mahindi, na mtoto hubaki na dada yake mdogo anayempa kiporo. Hayo nayo ni sehemu ya sayansi ya lishe.

DALILI NYINGINE

Upungufu wa chuma na damu. Tazama ndani ya kope la chini, ulimi na viganja. Vikipauka, damu yaweza kuwa imepungua. Mtu huchoka na mapigo ya moyo huenda mbio akipanda mlima. Chanzo chaweza kuwa ukosefu wa chuma, malaria au safura, hivyo kipimo cha damu ni lazima. Wakaao nyanda za juu huwa na wekundu wa damu ulioongezeka kidogo kwa sababu ya uchache wa oksijeni. Mpimaji asiposahihisha tarakimu kwa kimo cha mahali, mgonjwa huonekana mzima. Nyama na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri. Chuma cha maharage na mnafu hufyonzwa zaidi kikiliwa pamoja na limau au chungwa, na hufyonzwa kidogo mlo ukishushiwa chai.

Upungufu wa vitamini A. Dalili ya kwanza ni kutoona vizuri magharibi. Mtoto hujikwaa jioni wakati wenzake bado wanacheza. Baadaye weupe wa jicho hukauka, huweza kuota madoa kama povu, na kioo cha jicho huweza kuoza. Allen Foster na Alfred Sommer walieleza mwaka 1987 jinsi vidonda vya macho vilivyowapofusha watoto wa Tanzania vilivyohusiana na surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A yatolewayo kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni kinga kubwa. Mboga za majani, papai, embe na karoti zipikwe au ziliwe pamoja na mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika mafuta.

Upungufu wa madini ya joto. Shingo huvimba, yaani rovu. Udongo wa nyanda nyingi za juu umesombwa madini haya na mvua. Madhara makubwa zaidi hayaonekani shingoni bali katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi yenye madini joto ndiyo dawa. Isiachwe wazi, maana madini hupotea.

Upungufu wa naiasini huleta pelagra: ngozi iliyo juani, shingoni na mikononi, hubadilika rangi na kubambuka. Huwapata wanaoishi kwa mahindi matupu, kama ilivyotokea kwa wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi mwaka 1990. Ukosefu wa vitamini C huleta kiseyeye, fizi zikavimba na kutoka damu.

TAHADHARI: MENO NA MIGUU

Kati ya Kilimanjaro na Meru wako watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Wageni hudhani wamekosa kalsiamu. Sivyo. Chanzo ni floridi iliyozidi katika maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, na pia katika magadi yanayolainishia maharage. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Jino huharibika linapoumbwa ndani ya ufizi, kwa hiyo kusugua hakusaidii. Vilevile matege si lazima yawe ya ukosefu wa vitamini D. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu kusini-magharibi mwa wilaya ya Hai uliuhusisha ulemavu wa miguu ya watoto wa huko na floridi ya maji ya kunywa. Kumpa mtoto huyo mlo bora bila kumbadilishia maji ni kutibu nusu.

Mtu mzima anayekonda naye asidhaniwe mara moja kuwa amekosa chakula. Kifua kikuu hukondesha. Wakaao Sanya Juu wanaijua hospitali ya Kibong'oto, na wasiione haya kwenda kupimwa.

Tena utapiamlo una upande wa pili. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa mraba wa urefu kwa mita. Mwalimu mwenye kilo 72 na mita 1.60 hupata 72 ÷ 2.56 = 28.1. Kwa mtu mzima kiwango chema ni 18.5 hadi 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16, Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye wanawake wengi wenye uzito uliozidi. Katika nyumba moja mama aweza kuzidi uzito na mtoto akadumaa, kwa maana wote wawili hula wanga mwingi na vyakula vya kulinda mwili vichache. Hesabu hii isitumiwe hivi hivi kwa wanafunzi wa sekondari, ambao bado wanakua. Wao wana viwango vyao kwa umri.

KIPIMO NA HATUA

Katika miaka ya 1980 vijiji vya Iringa viliwapima watoto mara kwa mara, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujiuliza: tumeona nini, kwa nini, na tufanye nini? Mzunguko huo wa tathmini, uchambuzi na hatua ulisaidia kupunguza utapiamlo mkali, na mafunzo yake yakaenea nje ya mipaka yetu. Kipimo kisichofuatwa na hatua ni tarakimu tu.

Mwanafunzi akigundua mdogo wake ana mkono wa sentimita 11.3 au miguu iliyovimba, asitangaze darasani. Awaambie wazazi au mwalimu kwa faragha, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Nyumbani asishindiliwe nyama na maziwa mengi kwa ghafla: moyo na ini vya mtoto aliyedhoofika sana haviwezi kubeba mzigo huo, na hospitali huanza kwa chakula chepesi kidogo kidogo kabla ya kuongeza. Mwalimu naye asipime watoto mbele ya kadamnasi na kusoma majina. Tulikwisha kuona kwamba aibu humficha mtoto. Tusiwe sisi wa kuiongeza.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Mtoto wa kiume wa miezi 24 ana urefu wa sentimita 79.5 na uzito wa kilo 10.1. Kwa umri wake urefu wa kati ni sentimita 87.1, mtawanyiko wa kawaida ni 3.1, na mpaka wa uzito pungufu ni kilo 9.7. Eleza hali yake. Je, kadi inayoonyesha uzito kwa umri peke yake ingemtambua?

2. Kata karatasi ngumu iwe utepe, uweke alama za milimita. Wanafunzi watatu wapime mkono wa mwenzao mmoja, kila mmoja mara mbili, bila kuonyeshana majibu. Tafuta wastani na tofauti kubwa kuliko zote. Kosa lilitoka wapi?

3. Andika vyakula alivyokula jana mtoto mdogo wa nyumbani kwenu, na idadi ya milo. Taja badiliko moja linalowezekana kwa vyakula vilivyopo shambani au sokoni kwenu.

4. Kwa nini uvimbe wa miguu humfanya mtoto mgonjwa aonekane amenenepa katika mizani?